Kusoma Paa la Nyumba Kuukuu Kabla ya Kuinunua

Nyumba nyingi katika nyanda za Mbozi huuzwa wakati wa kiangazi. Sababu zake zaeleweka: kati ya Juni na Oktoba barabara hupitika, kahawa huvunwa na fedha zake huanza kuingia mikononi mwa watu, na mwenye kutaka kuhama huweza kusafirisha vyombo vyake bila ya kulowa. Lakini majira hayo ndiyo majira ambayo paa halisemi lolote. Mvua za huku huanza mnamo Novemba na kukoma Aprili au Mei; katika miezi iliyobaki nyumba yenye paa zima na nyumba yenye paa bovu huwa kavu sawasawa. Mnunuzi huonyeshwa vyumba, hupimiwa kiwanja, huletewa hati na mashahidi, kisha hutazama juu mara moja akiwa amesimama uani, na kutoa akiba ya maisha yake yote.

Makala hii inakusudia kueleza jinsi mnunuzi anavyoweza kulichunguza paa la nyumba kuukuu wakati wa ukavu, pamoja na sababu za kisayansi za kila dalili atakayoiona. Mvua zilizopita huacha alama zake katika bati, katika misumari na katika mbao. Alama hizo hudumu kiangazi kizima, na yeyote mwenye ngazi, kurunzi na kisu aweza kuzisoma.

Mfano nitakaoutumia ni wa nyumba moja iliyo karibu na Mbozi Mission. Kituo hicho cha Kimoraviani kilianzishwa mwishoni mwa karne ya 19, na pembezoni mwake leo zimekaa pamoja nyumba za vipindi mbalimbali: za matofali mabichi, za matofali ya kuchoma na za saruji. Dada yangu, ambaye ni muuguzi mstaafu, alitaka kuinunua moja ya zile za matofali ya kuchoma kwa kiinua mgongo chake. Ilikuwa imejengwa katika miaka ya 1970, miaka ile ambayo reli ya TAZARA ilikuwa ikipitishwa Vwawa na Tunduma, na baadaye ikaezekwa upya. Aliniita niitazame kwa sababu moja tu, kwamba nimesomea kutu. Nilikaa miaka minne nje ya nchi nikivipima vipande vya chuma kwa mizani ya maabara ili kujua vimepungua kiasi gani, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kupanda darini mwa nyumba yoyote. Msomaji ataona punde kwa nini nalitaja jambo hilo.

Bati na kinga yake

Bati la kuezekea ni karatasi nyembamba ya chuma iliyokunjwa migongo na kupakwa zinki. Migongo ilibuniwa na mhandisi Mwingereza Henry Robinson Palmer, aliyepewa hataza yake mwaka 1829. Faida yake ni kwamba karatasi isiyoweza kujibeba yenyewe ikiwa bapa huweza, ikishakunjwa, kuvuka kutoka ubao mmoja hadi mwingine bila kupinda. Njia ya kulichovya bati katika zinki iliyoyeyushwa ilipewa hataza nchini Ufaransa mwaka 1837 kwa jina la Stanislas Sorel. Mambo hayo mawili, umbo na ngozi, ndiyo yaliyolifanya bati lishinde nyasi na vigae karibu kila mahali katika Afrika ya Mashariki.

Unene wa chuma chenyewe ni mdogo mno. Bati la geji 28 lina karibu milimita 0.4, la geji 30 karibu milimita 0.3, na la geji 32 karibu robo ya milimita. Katika wilaya hiyohiyo ya Mbozi, kijijini Ndolezi, kiko kimondo mashuhuri kilichojulikana kwa wataalamu tangu mwaka 1930, ingawa wenyeji walikijua kabla ya hapo. Nacho ni chuma kilichochanganyika na nikeli, tena kimenyeshewa na mvua kwa miaka isiyohesabika. Lakini kikipoteza milimita moja ya uso wake hakuna atakayejua. Bati likipoteza theluthi ya milimita limekuwa hewa. Kwa hiyo uhai wa bati haumo katika chuma chake bali katika zinki iliyo juu yake.

Zinki hulinda chuma kwa njia mbili. Kwanza hukifunika. Pili, na hili ndilo la ajabu, hukifia. Metali hutofautiana kwa wepesi wa kuziachia elektroni zake, na zinki huziachia kwa urahisi kuliko chuma. Maji ya mvua yakizigusa zote mbili mahali pamoja, kama vile kwenye mkwaruzo au kwenye ukingo uliokatwa, zinki ndiyo huliwa na chuma husalimika, mradi tu iwepo zinki ya kutosha milimita chache kutoka hapo. Ndiyo maana bati jipya lililokwaruzwa halipati kutu upesi, na ndiyo maana pia kutu nyekundu inapotokea maana yake si kwamba bati limeanza kuchakaa. Maana yake ni kwamba kinga imekwisha mahali pale.

Kinga hiyo hudumu muda gani? Hapa hesabu ndogo yafaa. Bati lililopakwa gramu 275 za zinki kwa mita moja ya mraba, pande zote mbili kwa pamoja, lina tabaka la karibu mikroni 19 kila upande; mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Katika hewa safi ya bara, zinki hupungua kwa chini ya mikroni moja kwa mwaka. Tukichukua nusu mikroni, tabaka hilo litadumu miaka 38. Kwenye ufuko wa bahari, ambako upepo huleta chumvi, upungufu waweza kufika mikroni nne na zaidi, na tabaka lilelile likaisha katika miaka isiyofika mitano. Kwa hiyo mtu wa Tanga au Mtwara anayehamia Mbozi asilipime paa la huku kwa macho ya pwani. Bati la miaka 20 laweza kuwa bado na nusu ya uhai wake. Lakini yako pia mabati yaliyopakwa gramu 100 tu, yaani mikroni saba kila upande, na hayo kwa hesabu ileile huishiwa na kinga baada ya miaka 14. Kwa macho, siku ya kununuliwa, mawili hayo hung'aa sawasawa.

Mnunuzi atazame wapi basi? Asianzie juu. Aanze chini ya bati, ndani ya nyumba, kwa kuwa hakuna mtu apakaye rangi upande wa chini. Paa lililopakwa rangi mpya miezi michache kabla ya kuuzwa lastahili kuchunguzwa maradufu: rangi ikipakwa juu ya kutu huifunika kwa msimu mmoja, kisha huvimba na kubambuka, kwani kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa.

Baada ya hapo atazame pale mabati mawili yanapolaliana. Mahali hapo huchakaa kabla ya penginepo, na sababu yake ni nzuri kuijua. Zinki ikiwa wazi hewani hujitengenezea utando wa kijivu kutokana na maji na kaboni dayoksaidi, na utando huo huipunguzia kasi ya kuliwa. Katikati ya mabati yaliyolaliana maji hunyonywa na kukaa siku nyingi, lakini hewa haiingii ya kutosha. Utando wa kinga haujengeki, na badala yake hutokea unga mweupe usiolinda chochote. Ukiona mstari mweupe wa unga kwenye maungio, zinki inaliwa. Ukiona mstari wa rangi ya kahawia, imekwisha kuliwa. Mstari mwembamba wa kahawia katika mabati mawili matatu ya ukingoni si msiba. Mistari hiyo ikiwa katika kila ungio, mnunuzi ahesabu kwamba ananunua nyumba pamoja na kazi ya kuiezeka upya.

Sehemu ya tatu ni kuzunguka misumari. Bati hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi. Karatasi ya mita tatu inayotoka kwenye baridi ya alfajiri ya Julai na kupata joto la nyuzi 50 zaidi ifikapo adhuhuri hurefuka kwa karibu milimita mbili. Ndiyo sauti ile ya kupasukapasuka inayosikika darini jioni jua linapotua. Katika miaka 30 jambo hilo hutokea karibu mara 11,000, na kila mara msumari hutikiswa kidogo. Tundu lake hupanuka, mpira au lami iliyowekwa chini ya kofia ya msumari hukauka na kupasuka, na maji hupata njia. Msumari unaozungushika kwa vidole umekwisha kazi yake.

Onyo moja kuhusu madoa. Katika miezi ya baridi, mnunuzi akiingia darini asubuhi aweza kukuta maji yananing'inia chini ya bati, naye akasema kwamba paa linavuja ilhali mvua haijanyesha kwa wiki nane. Huo ni umande. Usiku usio na mawingu bati hutoa joto lake kuelekea angani na kuwa baridi kuliko hewa iliyo chini yake. Mvuke unaotokana na pumzi za watu na mapishi hugeuka maji juu yake. Doa la umande huenea pote kwa usawa na halina kitovu. Doa la kuvuja lina kitovu, na pete za kahawia moja nje ya nyingine, kila pete ikiwa ni kumbukumbu ya mvua moja kubwa. Juu ya jiko la kuni mambo hayo hujumuika, maana moshi huliachia bati masizi yenye asidi, na umande huyalowesha. Katika nyumba nyingi nilizozitazama tangu wakati ule, bati la jikoni ndilo lililotangulia kutoboka.

Nchini Marekani mwaka 1972 yaliingizwa sokoni mabati yaliyopakwa mchanganyiko wa aluminiamu na zinki, asilimia 55 kwa 43 na kitu, nayo sasa yameenea kwetu pia katika umbo la migongo mipana ambalo mafundi huliita msauzi. Hudumu zaidi kuliko ya zinki tupu. Dalili nyingi nilizozitaja ni zilezile, isipokuwa kwamba kingo zake zilizokatwa hazilindwi sana, na mnunuzi azitazame hizo kwanza. Sumaku ndogo nayo ni chombo cha thamani: ikinasa, bati ni la chuma, isiponasa, ni aluminiamu tupu, au ni kitu kingine ambacho nitakifikia. Aidha, waya wa shaba, kwa mfano ule wa kukinga radi, usiachwe ukachuruzisha maji juu ya bati, kwa kuwa shaba huifanya zinki iliwe kwa kasi kubwa.

Alichokiona fundi

Kwa ujuzi huo wote nilisimama katika uwanja wa nyumba ile, nikaingia ndani, nikayatazama mabati kwa kurunzi kupitia kijidirisha cha dari. Yalikuwa safi. Maungio yalikuwa ya kijivu, misumari ilikuwa imeshika, hapakuwa na nukta hata moja ya mwanga. Nikamwambia, "Dada, paa hili ni zima. Lina miaka mingine kumi." Mzee mwenye nyumba akaongeza kuwa tangu aezeke halijavuja hata tone, na ninaamini alisema kweli.

Dada yangu alikuwa amemwita pia fundi seremala wa hapo jirani. Yeye alitabasamu tu. "Mwalimu, wewe umeliangalia bati. Mimi naomba ngazi niangalie nyumba."

Hakwenda katikati ya dari nilikokwenda mimi. Alijisogeza hadi pembeni kabisa, pale paa linapokutana na ukuta, akalala kifudifudi, akachomoa kisu na kukibonyeza katika mtambaapanya, yaani ule ubao unaolazwa juu ya ukuta ili kuyabeba makombamoyo. Kisu kiliingia hadi mpini. Akakichomoa, akakibonyeza tena nusu mita mbele, kikaingia tena. Ubao ulikuwa na umbo la ubao na rangi ya ubao, lakini ndani ulikuwa kama mkate uliolowa na kukauka.

Sababu yake haikuhusiana na bati hata kidogo. Upande ule unaelekea kule mvua za upepo zitokako, na mwezekaji alikuwa ameukata upenu mfupi mno, pasipo kuuwekea mfereji wa kuchukua maji. Miaka nenda miaka rudi mvua ilipuliziwa chini ya ukingo wa bati na kulowesha kichwa cha ukuta. Tofali la kuchoma hunyonya maji kama sifongo na kuyatoa polepole. Ubao uliolala juu yake ulikaa na unyevu hata jua lilipowaka. Kuvu waozeshao mbao hawawezi kuishi katika ubao wenye unyevu wa chini ya asilimia 20 au karibu na hapo, na ubao mkavu wa darini kwa kawaida huwa chini ya kiwango hicho. Ndiyo maana mbao za katikati ya paa lile zilikuwa ngumu kama siku zilipopigiliwa, na za pembeni zimekwisha. Maji hayakuonekana sebuleni kamwe, kwa kuwa hayakupita katika bati.

Hivyo basi mnunuzi akague mbao kwa mpangilio tofauti na ule wa mabati: aanzie pembeni, kwenye vichwa vya kuta, kwenye bonde pale mapaa mawili yanapokutana, na kuzunguka bomba lolote linalotoboa paa. Abonyeze kisu au msumari mrefu. Ubao mzima hukataa baada ya milimita mbili tatu. Atazame kutani kama iko mifereji ya udongo ya mchwa inayopanda kutoka msingini, maana mchwa hufika kwenye kenchi bila kuonekana kwa kupita katika ufa wa plasta. Vitundu vidogo vya mviringo ni kazi ya wadudu wabunguao mbao. Vitundu pekee si hoja, huenda wadudu walikwisha toka zamani. Lakini unga mweupe mbichi chini ya vitundu waonyesha kuwa bado wanakula. Mbao za paini, zitumiwazo sana sasa, hubunguliwa upesi zisipotiwa dawa.

Baadaye arudi uani na kuutazama mstari wa mgongo wa paa kutoka mbali, jua likiwa chini. Wahandisi hukubali ubao ubonyee kwa kiasi cha sehemu moja katika 250 za urefu wake, yaani sentimeta 1.2 katika mita tatu. Mbonyeo unaoonekana kwa macho kutoka barabarani umekwisha pita kiasi hicho, nao una moja ya sababu tatu: mbao zilikuwa nyembamba tangu mwanzo, au zimeoza, au mtu ameikata nguzo mojawapo ya kenchi ili apate nafasi ya kuhifadhia mahindi darini. Hili la mwisho nimelikuta mara mbili.

Kwa nini ubao mmoja uliooza ni jambo kubwa

Dada aliuliza swali la haki. Ikiwa bati halivuji, na ubao huo umefichika, kuna hatari gani? Mabati si mepesi, na yamekaa pale miaka mingi.

Ukweli ni kwamba mabati ni mepesi kupita tunavyodhani. Mita moja ya mraba ya bati la geji 30 ina uzito wa kilo tatu hivi. Sasa tuuhesabu upepo. Shinikizo lake ni nusu ya msongamano wa hewa ukizidishwa kwa kipeo cha pili cha kasi. Katika mwinuko wa Mbozi, unaokaribia mita 1,600, mita moja ya ujazo ya hewa ina karibu kilo moja. Upepo wa kasi ya mita 30 kwa sekunde, ambao dhoruba ya mwanzo wa mvua yaweza kuuleta kwa dakika chache, hutoa basi shinikizo la nyutoni 450 kwa mita ya mraba, sawa na uzito wa kilo 45. Upepo upitao juu ya paa hulifyonza kuelekea juu kwa nguvu ya kiasi hicho, na kwenye kingo na pembe hata zaidi. Kukiwa na mlango au dirisha lililo wazi upande utokako upepo, hewa iliyoingia husukuma kutoka chini pia. Kilo 45 zinavuta juu, kilo tatu zinavuta chini. Hata tukiongeza uzito wa mbao zote, paa halikai mahali pake kwa uzito wake.

Linakaa kwa kufungwa. Msumari hulishika bati kwenye papi, papi hushikwa na kombamoyo, kombamoyo hushikwa na mtambaapanya, na mtambaapanya hushikwa na ukuta kwa waya au mkanda wa chuma uliopitishwa chini ya kozi kadhaa za matofali. Ni mnyororo, na upepo hauchagui kiungo. Hukata kile kilicho dhaifu. Bati zuri lililopigiliwa imara juu ya mtambaapanya uliooza halitang'oka peke yake. Litang'oka pamoja na papi na makombamoyo yake, kipande kizima, na kuangukia watu walio jirani. Kwa sababu hiyo mnunuzi aikague mikanda na waya zinazoufunga mtambaapanya kwenye ukuta. Katika nyumba nyingi za zamani atakuta waya mmoja mwembamba wenye kutu katika kila mita mbili, na katika nyingine hatakuta kitu.

Kuhusu mapaa ya asbesto

Wale wanaonunua nyumba zilizojengwa kabla ya katikati ya miaka ya 1980, hasa zile zilizokuwa za watumishi, wanaweza kukuta paa la mawimbi ya kijivu, nene kama milimita sita, linalotoa sauti nzito likigongwa na lisilonasa sumaku. Yafaa walichukulie kuwa ni la asbesto mpaka ithibitishwe vinginevyo. Asbesto ni nyuzi za madini zilizochanganywa na saruji. Likiwa zima na lisipoguswa huachia nyuzi chache. Likikatwa, likitobolewa, likisuguliwa kwa brashi au kuvunjwa, hutoa vumbi linaloingia mapafuni na kukaa humo, nalo laweza kusababisha saratani ya mapafu na ya utando unaoyazunguka, mara nyingi miaka 20 hadi 40 baadaye. Paa la namna hiyo lisikaguliwe kwa kisu wala kukanyagwa, kwani huvunjika ghafla chini ya mguu. Gharama ya kuliondoa kwa njia salama ihesabiwe katika bei tangu mwanzo, na vipande vyake visitumiwe kuwa ua wa kuku.

Kulijaribu paa kwa maji

Kama mwenye nyumba yu radhi na maji yapo, jaribio la ndoo humaliza mabishano mengi. Mtu mmoja hupanda, mwingine huingia darini na kurunzi. Maji yamwagwe kuanzia ukingo wa chini, taratibu, kisha safu ya pili, kisha ya tatu, hadi kwenye kofia ya mgongo. Wengi huanzia juu, na hilo ni kosa: maji yaliyomwagwa juu hulowesha paa lote kwa mara moja, na mahali palipovuja hapatajulikana. Ikumbukwe pia kwamba tone halianguki pale lilipoingia. Huteremka chini ya bati hadi likutane na papi, hufuata papi mpaka kwenye fundo au msumari, ndipo hudondoka. Doa la dari laweza kuwa mita mbili kutoka kwenye tundu lake, na kila mara tundu huwa upande wa juu wa mteremko.

Katika nyumba ile jaribio lilithibitisha mambo mawili. Mabati hayakupitisha maji, kama mzee alivyosema. Lakini maji yaliyorushwa kwa kikombe kutoka nje, kuelekea chini ya upenu, kwa namna ambavyo mvua ya upepo huyarusha, yalionekana yakitambaa juu ya ukuta na kunyonywa na matofali mbele ya macho yetu. Fundi alimwomba mzee apande ngazi ajionee mwenyewe, akampa kile kisu. Nadhani hilo ndilo lililopatanisha bei kuliko maelezo yangu yote ya elektroni. Mzee alikibonyeza, akanyamaza kidogo, akasema, "Basi mama, tuzungumze."

Hesabu ya fundi ilihusu mtambaapanya wa kuta mbili, vichwa vya makombamoyo saba vya kuungwa upya, mikanda ya chuma ya kufungia, kurefusha upenu kwa nusu mita na kuweka mfereji. Mfereji huo si pambo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 80, mahali panapopata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, hutupa lita 80,000 chini ya kuta kila msimu, na kwa nyumba hii nusu yake ilikuwa ikianguka kwenye msingi uleule wa ukuta uliokwisha lowa kichwani. Sasa huingia katika tangi. Jumla ya gharama hizo ilitolewa katika bei, na nyumba ikanunuliwa mwezi Septemba. Mabati ya safu mbili za pembeni yalifunuliwa na kurudishwa yaleyale. Misumari tu ndiyo iliyonunuliwa mipya, na ikapigiliwa katika mbao mpya na si katika matundu ya zamani.

Kazi ilikamilika wiki ya kwanza ya Novemba. Nilimwachia dada yangu kipande cha chaki na kumwomba kwamba mvua kubwa ya kwanza itakapokatika apande darini, azungushie alama kila doa bichi na kuandika tarehe, na afanye hivyo kwa kila mvua kubwa mpaka Aprili. Alama zilikuwa mbili, zote kuzunguka bomba la moshi la jiko. Fundi alizifunga kwa kipande cha bati na lami, na msimu uliofuata hapakuandikwa tarehe yoyote.